Uhandisi wa Ujenzi na Mazingira: Somo Moja, Si Mawili

Kila ninapomweleza mtu kwamba nilisoma uhandisi wa ujenzi na mazingira chuo kikuu, swali linalofuata huwa karibu lile lile: je, hayo si masomo mawili yaliyofungwa pamoja, na mwanafunzi hatimaye huchagua moja na kulivumilia la pili? Swali hilo si la bure. Ukiitazama ratiba ya mihadhara kwa mbali utaona upande mmoja boriti, nguzo, zege, nondo, barabara na madaraja, na upande wa pili maji ya kunywa, maji taka, taka ngumu, hewa na vijidudu. Wanafunzi wenyewe hujigawa mapema. Wako wanaojiona kuwa wajenzi, ambao huingia kwenye vipindi vya biolojia ya vijidudu shingo upande, na wako waliokuja kwa sababu wanataka kuilinda mito na hewa, ambao huzifanya hesabu za mpindo wa boriti kwa sababu tu hawawezi kuhitimu bila kuzifaulu.

Mimi nimetoka katika shahada hiyo nikiwa na imani tofauti, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa kirefu, hasa kwa ajili ya wanaofikiria kujiunga na wale walio katika miaka ya mwanzo. Naamini kwamba ni somo moja, na kwamba kinacholifanya kuwa moja ni maji. Maji ndiyo yanayoamua kama udongo utabeba jengo, kama zege litadumu, kama mji utaugua au utakuwa na afya, na kama bwawa litasimama. Mhandisi asiyeyajua maji katika sura zake zote huijua nusu tu ya kazi yake, hata awe hodari kiasi gani katika nusu hiyo.

Mwaka wa kwanza hauonyeshi jambo hili. Ni mwaka wa hisabati, fizikia, kemia, uchoraji wa kihandisi na elimu ya nguvu zilizotulia, ambayo humfundisha mwanafunzi kukitenga kiungo kimoja cha jengo, kuchora kila nguvu inayokigusa, na kuhakikisha kwamba jumla ya nguvu hizo ni sifuri. Zoezi hilo huonekana dogo, lakini uzito wake ni mkubwa. Mwaka 1981, katika hoteli moja mjini Kansas City, Marekani, vijia viwili vilivyoning'inizwa kimoja juu ya kingine vilianguka na kuua watu 114. Katika mchoro wa awali, fimbo moja ndefu ya chuma ilishuka kutoka darini na kubeba vijia vyote viwili, kila kimoja kikikaa juu ya nati yake. Baadaye fimbo hiyo ikagawanywa kuwa mbili, na ile ya chini ikaning'inizwa kwenye boriti ya kijia cha juu, hivyo nati iliyokuwa ichukue uzito wa kijia kimoja ikachukua wa viwili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayechora nguvu zake kwa uaminifu angeliona tatizo hilo kwa penseli na kipande cha karatasi.

Somo linalolalamikiwa zaidi katika mwaka huo ni kemia, na wanaolalamika ni wale wanaojiita wajenzi. Ningewaomba waufikirie mji wa Flint, katika jimbo la Michigan. Mwaka 2014 mji huo ulibadili chanzo chake cha maji ukaanza kutumia Mto Flint, na maji hayo yakasambazwa bila kutiwa kemikali ya kuzuia kutu. Pampu zilifanya kazi na mabomba yalifikisha maji kila nyumba. Lakini maji mapya yaliuondoa utando uliokuwa umejijenga kwa miaka mingi ndani ya mabomba ya zamani, madini ya risasi yakaingia katika maji ya kunywa, na watoto wakayanywa. Hesabu zote za shinikizo na kipenyo zingeweza kuwa sahihi, na bado mfumo ukawa na sumu.

Mahali ambapo picha nzima ilianza kunijia ni maabara ya udongo. Jaribio lenyewe ni la kawaida sana, na nadhani hufanywa katika kila chuo kinachofundisha uhandisi huu. Unachukua udongo wa mfinyanzi uliokaushwa, unauponda, unauchekecha, kisha unaukanda na maji kwa kisu kipana hadi uwe laini bila mabonge. Unaupaka ndani ya kikombe kifupi cha shaba, unausawazisha, na kwa kifaa maalumu unachora mfuo katikati yake unaougawa pande mbili. Halafu unazungusha mpini. Kila mzunguko huinua kikombe milimita 10 na kukiachia kidondoke juu ya kitako chake kigumu, na wewe unahesabu mapigo huku macho yako yakiutazama mfuo ule ukijifunga polepole kutoka chini. Kingo mbili zinapokutana kwa urefu wa takriban milimita 13, unasimama, unakata kipande cha udongo, unakipima uzito, unakiweka katika tanuri, na kukipima tena kikiwa kikavu. Unyevu ambao ungefanya kingo hizo zikutane katika pigo la 25 ndio mpaka ambao udongo huacha kuwa kitu cha kufinyangwa na kuanza kutiririka. Wazo la mipaka hiyo lilitolewa na mkemia wa Uswidi, Albert Atterberg, mwaka 1911, na baadaye Arthur Casagrande akaliwekea kikombe na vipimo vyake.

Kinachogusa katika jaribio hili si idadi ya mapigo. Ni kwamba udongo ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Chembe hazikubadilika, wala madini yake. Umeongeza maji kidogo tu, na kitu kilichokuwa kikiukataa mgandamizo wa kidole gumba sasa kinateleza chini ya uzito wake chenyewe. Ukishaliona hilo kwa macho yako, huwezi tena kuutazama mteremko wa ardhi wakati wa mvua nyingi kwa jicho ulilokuwa nalo zamani.

Maelezo kamili ya jambo hilo yalikuja mwaka 1925, Karl Terzaghi alipochapisha kazi iliyoanzisha elimu ya kisasa ya mekanika ya udongo. Alionyesha kwamba uzito unaowekwa juu ya udongo uliojaa maji hugawanywa kati ya chembe zinazogusana na maji yaliyomo katika vinyweleo baina yake, na kwamba nguvu ya udongo hutokana na ile sehemu tu inayobebwa na chembe. Maji hubeba, lakini hayana msuguano. Kadiri shinikizo la maji linavyopanda, chembe zinaachiana, na udongo unadhoofika ingawa kwa nje hakuna kilichobadilika. Katika mfinyanzi maji hayo hutoka polepole mno, ndiyo sababu jengo linaweza kuendelea kudidimia miaka mingi baada ya mafundi kuondoka. Mnara wa Pisa, ulioanza kujengwa mwaka 1173, ulichukua karibu karne mbili kukamilika kwa sababu ujenzi ulisimama mara kwa mara, na wahandisi waliouchunguza wanaona kwamba vipindi hivyo virefu ndivyo vilivyouokoa: mfinyanzi ulio chini yake ulipata muda wa kuyaachia maji na kuimarika. Kama ungejengwa mfululizo, ungeanguka kabla ya kukamilika.

Sasa niseme juu ya Vajont, kwa sababu naona hakuna mfano unaounganisha pande mbili za shahada hii kwa nguvu kuliko huo. Vajont ni bwawa la zege katika milima ya kaskazini mwa Italia, lenye kimo cha zaidi ya mita 260. Lilipoanza kujazwa, maji yalipanda pia ndani ya mwamba na udongo wa Mlima Toc uliokuwa kando yake. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, ubavu mzima wa mlima huo, zaidi ya mita za ujazo milioni 250, uliporomoka na kuingia ndani ya ziwa la bwawa. Maji yaliruka juu ya ukuta, yakashuka bondeni, yakaufuta mji wa Longarone na vijiji vya jirani. Watu karibu 2,000 walikufa. Ukuta wa bwawa haukuvunjika. Umesimama hadi leo. Waliopiga hesabu za zege walifaulu mtihani wao, na watu wakafa kwa sababu mlima, maji na ukuta vilikuwa mfumo mmoja, ilhali uimara uliokuwa na uhakika ulikuwa wa ukuta peke yake. Tangu nilipoisoma habari hiyo sijaweza kukubali kwamba mazingira ni kitu kinachokuja baada ya ujenzi, kama nyongeza ya ripoti.

Maji yanayopita ndani ya ardhi yana sheria yake, na historia ya sheria hiyo ni nzuri. Henry Darcy alikuwa mhandisi aliyeuletea mji wa Dijon, Ufaransa, maji safi. Mwaka 1856 alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kupitisha maji katika safu ya mchanga, akaonyesha kwamba kiasi cha maji kinachopita huongezeka kwa uwiano sawa na tofauti ya kimo cha maji kati ya ncha mbili, na hupungua kadiri safu inavyorefuka. Ni mlinganyo mfupi ambao mtu anaweza kuukariri kwa pumzi moja. Katika mwaka wa pili unaupata katika hesabu za maji yanayopenya chini ya bwawa. Katika mwaka wa tatu unaupata katika kukadiria kisima kitatoa maji kiasi gani. Halafu mhadhiri wa upande wa mazingira anauandika tena ubaoni, safari hii akiuliza petroli iliyovuja kutoka katika tangi la chini ya ardhi itakifikia kisima cha jirani baada ya muda gani. Mwanafunzi aliyeutupa mlinganyo huo baada ya mtihani wa kwanza huulipia mara tatu.

Na sheria hiyo haisamehe. Bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho, lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza lilipobomoka tarehe 5 Juni 1976. Maji yalipata njia kupitia nyufa za mwamba na udongo laini wa kiini cha bwawa, yakaanza kubeba chembe moja moja, njia ikapanuka, maji yakaongezeka kasi, chembe zaidi zikachukuliwa. Tangu mvujo mkubwa ulipoonekana asubuhi hadi ukuta kupasuka zilipita saa chache tu. Watu 11 walipoteza maisha.

Kuhusu zege sitasema mengi, ingawa linachukua sehemu kubwa ya miaka miwili. Duff Abrams alionyesha mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege inategemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Saruji inahitaji maji takriban robo ya uzito wake ili ikamilishe mmenyuko wake wa kikemia. Yanayoongezwa zaidi ya hapo husaidia mchanganyiko kumiminika, kisha huacha vinyweleo yanapokauka. Ndiyo maana kwenye eneo la ujenzi kishawishi kikubwa ni ndoo ya maji inayoongezwa ili kazi iwe nyepesi, na ndiyo maana tunajaza zege kwenye koni ya milimita 300, tunaiinua, na kupima limeshuka kiasi gani kabla halijamiminwa. Vinyweleo vilivyobaki ndivyo milango ya maji na chumvi kuzifikia nondo. Upande mwingine wa habari hiyo ni kwamba saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la takriban nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya kaboni dioksidi inayotoka haitokani na mafuta ya tanuri bali na jiwe lenyewe linapovunjika kikemia. Kwa jumla, saruji huchangia takriban asilimia 8 ya kaboni dioksidi inayotolewa na binadamu duniani. Kwa hiyo mwanafunzi anayepanga vizuri ukubwa wa kokoto zake ili apunguze saruji bila kupunguza nguvu anafanya kazi ya mazingira, hata kama somo linaitwa teknolojia ya zege.

Upande unaoitwa wa mazingira huanza na wazo moja ambalo ningependa kila mwanafunzi aliandike juu ya daftari lake: urari wa maada. Chora mpaka kuzunguka kitu unachokichunguza, iwe ziwa, tangi, chumba au mji mzima. Kinachoingia katika mpaka huo lazima kitoke, kibaki ndani, au kigeuke kuwa kitu kingine. Hakuna njia ya nne. Mtu akikuambia kwamba uchafu umekwisha, una haki ya kumuuliza ni ipi kati ya hizo tatu iliyotokea, na mara nyingi utagundua kwamba umehamishwa tu kutoka majini hadi kwenye tope, au kutoka kwenye tope hadi hewani. Ukiangalia vizuri, ni mchoro ule ule wa mwaka wa kwanza, wa kukitenga kitu na kuhesabu vinavyokigusa, isipokuwa sasa unahesabu maada mahali pa nguvu.

Faida ya kazi hii kwa maisha ya watu haina mjadala. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, na kuua zaidi ya watu 8,000. Mji wa Altona, uliopakana nao kiasi kwamba mtaa mmoja ungeweza kuwa na upande wa Hamburg na upande wa Altona, ulichota maji katika mto ule ule wa Elbe, tena chini ya mahali ambapo maji taka ya Hamburg yaliingia mtoni. Tofauti ni kwamba Altona iliyapitisha maji yake katika machujio ya mchanga na Hamburg haikufanya hivyo. Waliougua Altona walikuwa wachache mno kwa kulinganisha, na mpaka wa ugonjwa ulifuata mpaka wa mabomba. Mchanga wenyewe haukuwa siri yote. Juu ya chujio la polepole hukua utando wa viumbe hai, na utando huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya usafishaji. Anayelijenga chujio hilo kwa kuta imara bila kujua kwamba uso wake una uhai atalikwangua wakati usiofaa na kuharibu kile kilichojengewa.

Katika maabara ya maji kuna jaribio ambalo nalipenda kuliko yote, na ni la kuamua kipimo cha shabu ya kusafishia maji. Vyombo sita vya kioo hupangwa kwa mstari, kila kimoja na lita moja ya maji yale yale yenye tope. Kila kimoja hutiwa shabu zaidi ya kile kilichotangulia, na makasia yanayoendeshwa na mota moja huzunguka kwa kasi kwa muda wa dakika moja hivi, kisha hupunguzwa hadi yawe yanasogea taratibu. Kwa dakika kadhaa hakuna kinachoonekana. Halafu katika chombo cha tatu, tuseme, maji yanaanza kuwa na punje ndogo ndogo. Punje zinagongana na kushikana, zinakuwa mabonge mepesi kama nyuzi za pamba, na makasia yanaposimamishwa mabonge hayo hushuka yakiacha juu maji yanayopitisha mwanga. Chembe za tope hubeba chaji hasi na kwa hiyo husukumana zisiweze kukutana. Shabu huipunguza chaji hiyo. Jambo la kutazamwa kwa makini ni chombo cha mwisho, kile kilichotiwa shabu nyingi zaidi, kwa sababu maji ya namna fulani huko hurudi kuwa na ukungu: chaji imegeuka, na chembe zinasukumana tena kwa upande wa pili. Chombo chenye kipimo kikubwa kuliko vyote si lazima kiwe bora, na jibu la leo huenda lisifae kesho mvua ikinyesha na mto ukabadilika.

Baada ya hapo ndipo klorini huingia, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hutaka ibaki angalau miligramu 0.5 za klorini huru katika kila lita baada ya dakika 30 za kukaa pamoja na maji. Ikiwa tope halikuondolewa kwanza, vijidudu hujificha nyuma ya chembe na klorini huishia kwenye uchafu.

Kwa maji taka, hatua kubwa ilipigwa Manchester mwaka 1914. Edward Ardern na William Lockett walipuliza hewa katika maji taka hadi yakasafika, kazi iliyochukua wiki kadhaa. Badala ya kulimwaga tope lililotuama, waliliacha chomboni wakaongeza maji taka mapya, wakarudia tena na tena, na muda uliohitajika ukashuka hadi saa chache. Tope lile lilikuwa limejaa bakteria waliokwisha kuizoea kazi. Mitambo mingi ya miji mikubwa leo inaendeshwa kwa kanuni hiyo.

Ni hapa pia ambapo wajenzi na wanamazingira hulazimika kukaa meza moja. Mtambo kama huo ni matangi makubwa ya zege yaliyozama ardhini, na mara nyingi hujengwa mahali pa chini kabisa pa mji kwa sababu maji taka hushuka yenyewe kuelekea huko. Yaani mahali ambapo maji ya ardhini yako juu. Tangi likiwa limejaa, hakuna hatari. Lakini siku litakapomwagwa ili litengenezwe, maji ya ardhini hulisukuma kutoka chini, na tangi tupu lenye kuta imara na kitako kizuri linaweza kuelea, kuinuka na kupasuka. Mbiolojia wa maji anajua ni lini tangi litahitaji kumwagwa, na mtu wa miundo anajua uzito wa sakafu yake. Swali lenyewe lipo katikati, na anayepaswa kuliuliza ni mhandisi aliyesoma pande zote mbili.

Mto nao una hesabu yake. Mwaka 1925 Harold Streeter na Earle Phelps, waliokuwa wakiuchunguza Mto Ohio, waliandika mlinganyo wa mashindano mawili: bakteria wanaotumia oksijeni kwa kula uchafu, na hewa inayoirudisha oksijeni hiyo kupitia uso wa maji. Matokeo yake ni kwamba hali mbaya zaidi ya mto haipo kwenye mdomo wa bomba la maji taka, bali mbali chini yake, pengine mwendo wa siku nzima au zaidi, mahali ambapo wakazi hawajui hata kwamba bomba hilo lipo. Joto huzidisha hali hiyo: maji ya nyuzi 20 huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 takriban 7.5 tu, wakati huo huo bakteria wakiwa na njaa zaidi.

Nikiulizwa ni wazo gani linaloeleweka vibaya kuliko yote, hata na wanafunzi wanaokaribia kuhitimu, nitasema ni mafuriko ya miaka 100. Maana yake si kwamba yakishatokea tutapumzika karne nzima. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 ya kutokea au kuzidiwa. Kalvati iliyopangwa kwa mafuriko hayo, ikiwa itatumika kwa miaka 30, ina uwezekano wa takriban asilimia 26 ya kukutana na maji makubwa kuliko uwezo wake. Tena makadirio hayo hutegemea kumbukumbu za mvua zilizopita, na hudhani kwamba eneo linalomwaga maji halijabadilika. Lami na paa zinapochukua nafasi ya majani, mvua ile ile hufika mtaroni ikiwa nyingi zaidi na mapema zaidi, na kalvati iliyotosha jana haitoshi leo ingawa mbingu hazikubadilika.

Kuhusu namna ya kusoma, nina machache ya kusema. Kadiria jibu kabla ya kulikokotoa, na ubebe vipimo vyako katika kila mstari wa hesabu. Jifunze programu za kompyuta, kwa mfano EPANET, inayotolewa bure na Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani kwa ajili ya mitandao ya mabomba, lakini kwanza tatua mtandao mdogo kwa mkono, kwa sababu programu hupokea takwimu mbovu kwa heshima ile ile inayozipokea nzuri. Wakati wa mafunzo kwa vitendo, kaa karibu na mafundi na waendeshaji wa mitambo. Mwendeshaji mzoefu huitambua hali ya tangi la maji taka linalopulizwa hewa kwa rangi ya povu na harufu yake kabla vipimo vya maabara havijarudi, na ujuzi huo hauandikwi katika vitabu vingi. Pia usifanye haraka kuchagua tawi. Mwaka wa tatu ni mapema mno kwa mtu kusema kwamba udongo au vijidudu havimhusu.

Kwa mradi wa mwisho ningeshauri mada inayokataa kukaa upande mmoja. Sisi tulipanga bwawa dogo la kuyazuia maji ya mvua yasiingie mtoni kwa mkupuo. Mada hiyo ilidai hidrolojia ili kujua mvua inaleta kiasi gani, kasi ya kutuama ili kujua tope gani litabaki, na mekanika ya udongo ili kingo zisimame. Sehemu iliyotuchukulia muda mrefu zaidi ni ya kulitoa maji bwawa baada ya dhoruba. Maji ya bwawa yakishuka haraka, yale yaliyopenya katika kingo hubaki nyuma. Mgandamizo uliokuwa ukizishikilia kingo kutoka nje umeondoka, shinikizo la ndani bado lipo, na hapo ndipo kingo huporomoka. Ukubwa wa bomba la kutolea maji, ambao kwa kawaida huamuliwa na mvua, kwetu uliamuliwa hatimaye na kasi ambayo mfinyanzi wa kingo ungeweza kuyaachia maji yake.